Sailensi ya Gari la Mkunga

Safari hii gari lilizima juu ya reli.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kuvuka, ya nyuma bado. Lori lililotangulia lilisimama ghafla, Pindo naye akakanyaga breki, na injini ikafa pale pale bila purukushani, kama mshumaa uliopulizwa na mtu mpole. Taa ndogo nyekundu zikawaka mbele ya usukani. Mlinzi wa kivuko akatoka kibandani mwake, kikombe cha chai kingali mkononi, akasimama kutazama.

"Shemeji," akasema mama aliyekaa kiti cha pembeni, dada mkubwa wa marehemu mkewe Pindo, "kama umechoka kunibeba, sema. Usinikabidhi kwa treni."

Pindo alizungusha ufunguo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu, mguu ukiwa umekandamiza mafuta mpaka chini, injini ikakohoa, ikawaka, na gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Treni yenyewe haikuwa hata karibu. Waliisikia ikipita kwa mbali robo saa baadaye, wakiwa wamekwisha kufika hospitali. Pindo akampeleka shemeji yake mpaka kwenye chumba cha mashine.

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mama huyo aliunganishwa na mashine iliyoivuta damu yake, ikaisafisha, ikamrudishia. Figo zake ziligoma miaka minne iliyopita. Kwa miaka hiyo minne mdogo wake, mkunga, alimpeleka na kumrudisha kwa gari hili hili, mvua ije, jua liwake. Miezi miwili iliyopita mkunga alianguka akiwa kazini, kati ya kitanda kimoja na kingine, na hakuinuka tena. Jumanne ya kwanza baada ya mazishi, Pindo aliuchukua ufunguo msumarini bila kuambiwa na mtu, akaenda kumchukua shemeji yake.

Pindo halikuwa jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mshonaji, na watu walisema suruali aliyoikunja yeye itachakaa kitambaa chote, pindo libaki. Leseni ya udereva alikuwa nayo tangu ujana, lakini katika nyumba ile dereva alikuwa mke. Yeye alikaa pembeni, mkanda umemkaza, macho barabarani, akikanyaga breki ya kuwaza kila palipotokea gari mbele. Mkewe alimcheka kwa hilo. "Utatoboa sakafu," alikuwa akimwambia.

Sasa usukani ulikuwa wake, na gari lilizima kila liliposimama. Likiwa mwendoni halikuwa na neno. Lakini taa nyekundu, mzunguko, geti, mwanafunzi anayevuka, popote mguu wake ulipohamia breki, injini ilikata roho. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta na chujio lake. Wa tatu hakufungua hata boneti, aliitazama miguu ya Pindo, akasema, "Mzee, ugonjwa ni wewe. Klachi unaiachia mapema." Majirani nao walikuwa na uchunguzi wao. "Linamlilia mwenyewe," walisema, na mmoja akaongeza kwamba vitu vilivyozoea mkono wa mtu hufa naye.

Pindo alicheka nao. Lakini alipokuwa peke yake hakucheka. Bomba la jikoni lililokuwa likifungwa kwa kidole cha mkewe sasa lilidondosha maji mchana kutwa. Mlango wa kabati ulining'inia. Ilikuwa kana kwamba nyumba nzima imekaa kikao, ikakubaliana kutomtambua. Kwamba gari nalo limemkataa, hilo aliliamini zaidi ya alivyotaka kukiri.

Jioni ya siku ile ya reli, mwanawe alipiga simu kutoka mji wa mbali anakofanya kazi.

"Baba, mama mkubwa ameniambia. Imetosha. Jumamosi nakuja na mnunuzi."

"Jumamosi ni siku ya mama yako mkubwa."

"Ndiyo maana nataka liondoke kabla halijawaua nyote wawili."

"Na yeye atakwendaje?"

"Tutapanga, baba."

Pindo alilijua neno hilo. Tutapanga ni rafu ya juu kabisa ya kabati. Kinachowekwa huko hakishuki. Shemeji yake hakuwa na mtoto, na mabasi yalimtapisha hata alipokuwa na afya. Akikosa safari mbili tatu za mashine, hakuna haja ya kumuuliza daktari kitakachofuata.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi aliliendesha mpaka kwa fundi aliyeitwa Sikio, likimzimikia mara tisa njiani.

Gereji ya Sikio ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, na ardhi iliyokunywa oili mpaka ikang'aa kama ngozi ya kiatu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mfupi, kofia imemkaa kisogoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za injini za ujenzi alizozihudumia ujanani.

"Simama upande huu, mzee," alisema, akimwelekeza Pindo kulia kwake. "La pili nililiacha kazini. Hili lililobaki linafanya kazi ya yote mawili, bila nyongeza ya mshahara. Haya, mgonjwa ana nini?"

"Linazima likisimama."

"Likisimama lenyewe au ukilisimamisha?"

Hakuna fundi aliyewahi kumuuliza hivyo. Pindo akafikiri. "Nikitoa mguu kwenye mafuta ili nishike breki."

"Hapo sasa tunazungumza. Ingia. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa. Kanyaga mafuta kidogo tu, kama unakanyaga yai na hutaki kulivunja."

Pindo akafanya hivyo. Injini ikanguruma vizuri.

"Toa mguu."

Injini ikafa.

"Washa. Yai." Ikaishi. "Toa." Ikafa.

Sikio akaegemea mlango, akatabasamu kama mtu aliyesikia jina la rafiki wa zamani. "Gari lako halina sailensi, mzee."

"Lina kelele?"

"Hapana! Sailensi, ule mlio wa injini ikiwa peke yake. Hakuna mguu, hakuna gia, hakuna anayeidai kitu. Inapumua tu, inakungoja. Gari zima ukilitolea mguu halifi, linajishikilia. Lako halijui kujishikilia."

Pindo alimtazama. Miaka thelathini na mitano alikuwa ameishi na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na sheria ya mashine ile ilikuwa moja: mguu ukisimama, sindano inasimama. Aliingia katika magari maisha yake yote, lakini hakuwahi kujiuliza ni nani anayekanyaga wakati hakuna anayekanyaga. Jambo hilo, alipolisikia kwa mara ya kwanza, lilimshangaza kama mtoto anayeambiwa kwamba moyo wake hupiga hata akilala.

"Fundi mwenzangu," akasema, "hilo nionyeshe."

Sikio hakuwa na haraka. Kwanza alimwambia Pindo aendelee kukanyaga yai, naye akapitisha dawa ya kupuliza kwenye maungio ya mipira yote, akisikiliza kama mlio utabadilika. Haukubadilika. "Haivuti hewa ya wizi, mipira ni mizima," akasema. Kisha akazima injini, akalegeza mpira mpana unaoleta hewa kutoka kwenye chujio, akauweka kando, na kumwita Pindo aje aone. Ndani ya mdomo wa bomba la alumini kulikuwa na kijibamba cha shaba, mviringo kama sarafu kubwa, kimekaa kwenye mhimili.

"Huu ni mlango. Ukikanyaga mafuta, unafunguka." Alivuta waya; kibamba kikageuka. "Injini inavuta pumzi kubwa. Ukitoa mguu, unajifunga. Sasa niambie, mlango umefungwa, injini ipumulie wapi?"

"Sijui."

"Hapa." Aliingiza ncha ya bisibisi kwenye kitundu cha pembeni kisichozidi kifungo cha shati. "Hii ndiyo pua yake. Ndani kuna vali inayojua ifungue kiasi gani. Lakini tazama."

Kitundu hakikuwa kitundu tena. Kilikuwa kimejaa masizi meusi, makavu, yaliyoshikana kama ukoko chini ya sufuria. Sikio akayakwangua, kipande kikatoka kizima, kikiwa na umbo la tundu lenyewe.

"Mzee, huyu mgonjwa hana pua."

Pindo akakipokea kile kipande kiganjani. Kilikuwa chepesi kama ganda la mdudu. "Kumbe kitu chenyewe ni hiki? Kwa miezi miwili?"

"Miezi miwili?" Sikio akacheka, halafu akaacha kucheka. "Masizi haya si ya miezi miwili. Hii ni miaka. Minne, mitano."

"Haiwezekani. Mke wangu aliliendesha mpaka siku yake ya mwisho. Halikumzimikia hata mara moja. Nilikuwa nimekaa pembeni yake."

"Mkeo sikubahatika kumwona," alisema Sikio kwa upole. "Masizi nayaona."

Akalifungua lile bomba lote, akalipeleka kwenye meza yake ya kazi na kuanza kulisugua kwa mswaki mkuukuu na dawa. Pindo alibaki peke yake. Akaketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, kisha akaigeuza na kuiingiza ndani. Akainamisha kichwa, macho yakaangukia kwenye pedeli.

Mshonaji husoma. Suruali iliyolika goti moja ni ya mpiga vigae. Shati lililolika kiwiko cha kulia ni la karani. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini nguo husema mahali mwili ulipogusa. Na kanyagio la cherehani yake mwenyewe lilikuwa na mabonde mawili, moja kwa kila unyayo, ambayo hakuna mguu mwingine ungeweza kukaa ndani yake.

Mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika katikati, kama ilivyo kawaida. Lakini mpira wa breki ulikuwa umelika ukingo wa kulia tu. Upande wa kushoto mistari yake ilikuwa bado mizima. Na mpira wa mafuta, ulio jirani yake, ulikuwa umelika ukingo wa kushoto, umechimbika kijibonde cha mviringo, laini, kinachong'aa. Nyuso mbili za mpira zilikuwa zimelika zikitazamana, kama pande mbili za kitambaa zinazongoja mshono.

Pindo akavua kiatu. Akauweka mguu wake wa kulia juu ya breki, kisha akaukunja kifundo, ukingo wa unyayo ukatafuta ule upande wa mafuta. Ukaingia kwenye kijibonde. Ulikuwa mguu mkubwa kupita kilichochimbwa, lakini ukaingia. Akajaribu kukandamiza breki kwa nguvu na mafuta kwa upole, vyote kwa pamoja, kwa mguu mmoja. Kifundo kikalalamika. Kabla ya nusu dakika paja lilianza kuwaka moto. Akauondoa mguu, akapumua, akaurudisha tena, kwa sababu hakuamini.

Pindo mwenyewe alikuwa hapo. Hilo ndilo lililomshinda. Alikuwa amekaa shubiri mbili kutoka kwenye mguu ule. Kwenye kila taa nyekundu mkewe alikuwa akisimulia: pacha waliozaliwa siku mbili tofauti, mwanamume aliyezimia mlangoni wakati mkewe akijifungua kwa utulivu. Alikuwa akigeuka kumwuliza dada yake aliyekaa nyuma kama amebeba maji. Alikuwa akicheka. Na wakati wote huo, chini, gizani, mguu wake wa kulia ulikuwa ukifanya kazi ya miguu miwili, ukimshikia injini pumzi mpaka taa iwake kijani. Uso wake haukuwahi kusema kitu. Na yeye Pindo, mwenye kujisifu kwamba husoma watu, alikuwa akiitazama barabara.

"Fundi," akaita. Sauti yake ilitoka ndogo, Sikio asiisikie. Akaita tena.

Sikio akaja, mswaki mkononi. Pindo akamwonyesha kwa kidole tu. Fundi akachuchumaa, akatazama breki, akatazama mafuta, akapitisha kidole gumba juu ya kile kijibonde. Akavua kofia.

"Kila aliposimama?" akauliza.

"Kila aliposimama."

"Nimewaona madereva wa malori ya milimani," alisema Sikio taratibu, "watu wanaojua kucheza na pedeli. Lakini wale hufanya kwa kilomita mbili, wakifika juu wanatukana. Mguu huu…" Akarudi mezani, na Pindo akamwona akiyasugua yale masizi kwa adabu mpya, kama mtu anayesafisha chombo cha wenyewe.

Bomba liliporudishwa na mpira kufungwa, Sikio akamwambia awashe bila kugusa mafuta. "Mguu nje kabisa. Nataka niuone."

Pindo akatoa mguu nje ya mlango, akaukanyagisha chini kwenye oili, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka, ikapanda, ikasita. Moyo wake ukasita nayo. Kisha mlio ukashuka taratibu, ukatafuta mahali pake, ukapapata, ukatulia. Ukabaki hapo. Hakuna aliyeukanyaga.

Sikio akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini wake sikioni, akafumba macho. Kisha akampa Pindo. "Sikiliza na wewe."

Kupitia kile chuma Pindo alisikia chumba kizima: vitu vinavyoinuka na kushuka, vinavyopokezana, pumzi inayoingia na kutoka pasipo kusukumwa. Alisikiliza muda mrefu, na machozi aliyoyazuia kaburini yakamshuka mbele ya mtu asiyemjua. Sikio akaenda upande wa pili wa gereji kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Alhamisi wakakuta barabara inatengenezwa. Kijana mwenye bendera nyekundu alisimamisha msururu mzima, akakaa juu ya ndoo, dalili kwamba hana haraka. Pindo alikuwa ameshika breki. Gari lilinguruma. Ikapita dakika moja, mbili. Shemeji yake aligeuza shingo kidogo kidogo, akaitazama miguu ya Pindo, na uso wake ukabadilika.

"Limepona?"

"Limepona. Shemeji, ulijua?"

Mama akaukusanya mtandio wake begani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wa kutoa.

"Nilijua. Ulipolizima mara ya kwanza nilijua."

"Na hukusema!"

"Nilimwahidi. Na wewe je, huo mguu ungeuweza? Ungetupeleka sote mtaroni."

Pindo akautazama mguu wake wa kulia.

"Fundi mmoja alimwambia injini imekwisha, auze chuma," akaendelea shemeji. "Ule mwaka wa kwanza wa mashine yangu. Akaja kwangu akicheka. Akasema, 'Dada, nimepokea watoto waliotoka rangi ya bluu, hawana sauti, wenzangu wameshageuka kutafuta shuka. Nawasugua unyayo mpaka wanakumbuka kupumua. Hili nalo litasuguliwa unyayo.' Nikamwuliza, mumeo je? Akasema nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Ungesema nini, shemeji?"

Pindo akaangalia bendera. Alitaka kujibu jibu la mume mwema, na jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini injini ilikuwa ikipumua chini yao, na hakuona jinsi ya kusema uongo juu ya sauti ile.

"Ningesema tuliuze," akasema.

"Basi," akasema shemeji, bila ukali.

Mbele, kijana akainuka kwenye ndoo yake na kugeuza bendera.

"Na Jumamosi?" akauliza mama, akitazama dirishani kana kwamba swali ni la mtu mwingine. "Mwanao anakuja na mnunuzi wake."

"Wakija wasubiri kibarazani. Jumamosi mimi na wewe tuna safari."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichomfanya akohoe. "Shemeji, umeanza kujibu kama dereva."

Hospitalini Pindo akasimama karibu na ngazi. Akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo kwa mazoea. Ukaishia njiani. Akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari kumshika shemeji yake mkono. Muuguzi alikwisha kutoka na kiti cha magurudumu. Akampokea, akambeba na utani wake wote, wakaingia ndani.

Pindo akabaki kwenye ngazi. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu. Usukani ulitetemeka kidogo, kama maji ndani ya glasi mtu anapopita chumba cha pili, na chini yake pedeli tatu zilikaa bila mguu wowote juu yake. Injini ikaendelea.

"Mzee!" akaita mlinzi wa mlango mkuu. "Gari lako linanguruma, na ndani hamna mtu!"

"Naona," akasema Pindo.

Mlinzi akangoja aende kulizima. Alipoona haendi, akasogea, akasimama kando yake, na baada ya kitambo naye akaanza kusikiliza, ingawa hakujua ni nini.